Kuondoa rekodi zinazojirudia unapoingiza data, ukabaki na ile ya karibuni

Swali hili huja karibu kila mwisho wa mwezi, na mwulizaji huwa mwingine kila mara. Matawi yametuma orodha zao za wanachama, mtu mmoja anatokea mara tatu, simu zake hazifanani. Nitamwingizaje mara moja tu, tena kwa taarifa zake za karibuni? Amri yenyewe ni fupi, mistari mitano tu. Kazi huharibikia kwenye yale yanayopaswa kufanyika kabla ya amri hiyo, kwa hiyo usiruke hatua kukimbilia chini.

Mfano tutakaoufuata ni SACCOS yenye matawi matatu: Arusha, Moshi na Babati. Kila tawi hutuma faili la CSV (maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato) lenye namba ya uanachama, jina, simu, tawi na tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Makao makuu yana jedwali la `wanachama` kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ukitumia MySQL au SQLite hatua ni zilezile, ila baadhi ya amri huandikwa tofauti; ya kuchagua mstari, hatua ya 7, nimekuandikia. Kama huna hifadhidata, una Excel tu, sehemu yako iko baada ya hatua.

Kwanza hakikisha njia hii inakufaa

Inafaa kwa sajili, yaani orodha ambayo mtu au kitu kimoja kinatakiwa kuwa na mstari mmoja: wanachama, wagonjwa, wateja, bidhaa, vifaa vya ofisi. Haifai kwa miamala. Mama aliyeweka 10,000 asubuhi na 10,000 nyingine jioni ameweka 20,000. Ukimwachia mstari wa karibuni peke yake umemwibia. Kwenye michango, marejesho ya mikopo na mauzo, kinachotafutwa ni namba ya risiti iliyoingia mara mbili, na hiyo ni kazi nyingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mafaili kama yalivyotoka kwenye mfumo wa tawi, ambayo hayajafunguliwa na kuhifadhiwa upya kwa Excel. Sababu iko hatua ya 3.
- PostgreSQL toleo la 9.5 au jipya zaidi, kwa sababu `ON CONFLICT` ilianzia hapo. Kwa MySQL unahitaji 8.0, kwa SQLite 3.25.
- Bekapu ya jedwali kuu. Amri moja inatosha: `pg_dump -t wanachama ushirika > wanachama_kabla.sql`. Badilisha `ushirika` uweke jina la hifadhidata yako.
- Mtu anayewajua wanachama: karani wa tawi au ofisa wa mikopo. Kuna maswali ambayo kompyuta haina jibu lake, na simu ya dakika mbili inalimaliza.

Hatua

1. Amua ni nini kinachomfanya mtu awe yuleyule.

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na haina amri hata moja. Jina halitoshi: Asha Juma wako wengi, na Asha Juma huyohuyo tawi la pili ameandikwa Asha J. Hamisi. Simu nayo haitoshi peke yake, maana mume na mke hutumia laini moja, na laini iliyoachwa muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Chukua namba ya uanachama kama ipo na kama hutolewa na makao makuu. Ikiwa kila tawi hujitolea namba zake kuanzia 1, basi namba 45 ya Moshi si namba 45 ya Babati, na ufunguo wako unakuwa tawi pamoja na namba.

Uamuzi huo uandike mahali kwa sentensi moja. Mwezi ujao kazi ikifanywa na mtu mwingine kwa kanuni nyingine, utapata orodha mbili zisizopatana na hakuna atakayejua kwa nini.

2. Amua "ya karibuni" ni kwa tarehe gani.

Faili la kawaida lina tarehe zaidi ya moja. Tarehe ya kujiunga haikuambii kitu hapa. Tarehe ya kutoa faili kwenye mfumo haikuambii kitu pia, kwa sababu mistari yote inayo ileile. Unayoitaka ni tarehe ambayo taarifa za mtu huyo ziliguswa mara ya mwisho. Katika mfano wetu safu hiyo inaitwa `imebadilishwa`.

Usikubali wazo kwamba mstari wa chini kabisa kwenye faili ndio mpya. Mifumo mingi hutoa orodha kwa mpangilio wa majina, na Zuhura hakuandikishwa jana kwa sababu yuko mwisho.

Angalia pia saa. Mfumo mmoja unaweza kuandika kwa saa za Afrika Mashariki na mwingine kwa UTC, yaani saa za kimataifa, iliyo nyuma kwa saa tatu, na mabadiliko ya siku moja yakabadilishana nafasi. Pale saa inapoandikwa kwa mkono hali ni mbaya zaidi: karani mmoja anaandika 08:30 na mwenzake 2:30, wote wakimaanisha saa mbili na nusu asubuhi. Ukiona mchanganyiko wa namna hiyo, tumia tarehe peke yake na uisahau saa.

3. Kagua mafaili bila kuyaharibu.

Fungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, Notepad inatosha. Tazama mambo manne: kitenganishi ni mkato au nuktamkato, safu ziko kwa mpangilio uleule katika mafaili yote, tarehe zimeandikwaje, na namba za simu zina sifuri ya mwanzo au hazina.

*Tahadhari:* usibofye faili la CSV mara mbili likafunguka kwa Excel, kisha ukalihifadhi. Excel itaichukua 0713... kuwa namba na kula sifuri. Simu ndefu yenye 255 inaweza kuonekana kama 2.55713E+11, na ukihifadhi hivyo ndivyo inavyoandikwa kwenye faili. La kutisha zaidi ni namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu. Ikiwa imeandikwa bila vistari, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na namba mbili zinazolingana tarakimu 15 za mwanzo zinakuwa namba moja. Umetengeneza marudio ambayo hayakuwepo, halafu hatua ya 7 itamfuta mmoja wa watu hao kwa uaminifu kabisa.

Mwisho, hesabu mistari ya kila faili (`wc -l arusha.csv` kwenye Linux) na uiandike pembeni. Toa mmoja wa vichwa vya safu.

4. Pakia kila kitu kwenye jedwali la kupokelea.

Data ya matawi isiguse jedwali la `wanachama` bado. Tengeneza jedwali la kando ambalo safu zake zote ni maandishi, ili chochote kilichomo kwenye faili kiingie bila kukataliwa:

```sql
CREATE TABLE wanachama_ghafi (
  mstari        bigserial,
  faili         text,
  namba         text,
  jina          text,
  simu          text,
  tawi          text,
  imebadilishwa text
);
```

Kisha ndani ya `psql`, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, faili moja baada ya jingine:

```sql
\copy wanachama_ghafi (namba, jina, simu, tawi, imebadilishwa) FROM 'arusha.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER true)
UPDATE wanachama_ghafi SET faili = 'arusha.csv' WHERE faili IS NULL;
```

Amri ya `\copy` lazima ikae kwenye mstari mmoja. Inasoma faili lililoko kwenye kompyuta yako, tofauti na `COPY` bila mkwaju, ambayo hulitafuta kwenye seva. Safu ya `mstari` itajijaza yenyewe kwa kufuata mpangilio wa faili, na safu ya `faili` itakuokoa siku mwanachama atakapouliza taarifa hii mmeitoa wapi.

*Tahadhari:* `HEADER true` huruka mstari wa kwanza bila kuusoma. Tawi lililotanguliza simu kabla ya jina litaingia hivyohivyo, na hutaona kosa lolote. Kuanzia toleo la 15 unaweza kuandika `HEADER MATCH`, ambayo hukataa faili ambalo majina ya safu zake hayalingani na uliyoyataja.

5. Sawazisha maandishi kabla ya kulinganisha.

Kwa kompyuta, "AR/0123", "ar-0123" na "AR 0123" ni wanachama watatu. Sawazisha kupitia mwonekano (view), yaani swali lililohifadhiwa linalosomeka kama jedwali, ili data ghafi ibaki kama ilivyokuja:

```sql
SET timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam';

CREATE VIEW wanachama_safi AS
SELECT mstari, faili,
       nullif(upper(regexp_replace(namba, '[^A-Za-z0-9]', '', 'g')), '') AS namba,
       regexp_replace(trim(jina), '\s+', ' ', 'g') AS jina,
       CASE WHEN length(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g')) BETWEEN 9 AND 12
            THEN '255' || right(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g'), 9)
       END AS simu,
       trim(tawi) AS tawi,
       to_timestamp(nullif(trim(imebadilishwa), ''), 'DD/MM/YYYY HH24:MI') AS imebadilishwa
FROM wanachama_ghafi;
```

Sehemu ya simu huchukua tarakimu tisa za mwisho na kuzitangulizia 255, kwa hiyo 0713..., 713... na +255 713... zote zinakuwa kitu kimoja. Seli yenye simu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju inabaki tupu, maana hakuna njia ya kujua ipi ndiyo. Kenya weka 254, Uganda 256. Kama orodha yako ina watu wa nchi mbili, usitumie mstari huu kama ulivyo: namba ya Nairobi itageuzwa ya Tanzania na hakuna kitakacholalamika.

Sehemu ya namba ya uanachama hutoa kila kitu kisicho herufi wala tarakimu. Ni salama pale kila sehemu ya namba zenu inapokuwa na urefu uleule. Kama mnaandika 1/23 na 12/3 kwa watu wawili tofauti, zote zitakuwa 123. Hapo toa nafasi tu, mikwaju iache. Na namba zilizomo kwenye jedwali kuu lazima ziwe zimeandikwa kwa mtindo huohuo, la sivyo hatua ya 8 itawaona wanachama wote kuwa wapya.

Utashawishika kuyapamba majina kwa `initcap`, inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno. Acha. Inahesabu ritifaa (') kuwa mwisho wa neno, na akina Ng'wanakilala watatoka wakiwa Ng'Wanakilala.

Tarehe ndizo zinazotaka macho makali. 25/03/2025 inajieleza, lakini 03/04/2025 inaweza kuwa Aprili 3 au Machi 4 kutegemea mipangilio ya kompyuta ya tawi. Uliza data yenyewe:

```sql
SELECT faili,
       max(split_part(imebadilishwa, '/', 1)::int) AS ya_kwanza,
       max(split_part(imebadilishwa, '/', 2)::int) AS ya_pili
FROM wanachama_ghafi
WHERE imebadilishwa LIKE '%/%/%'
GROUP BY faili;
```

Sehemu inayozidi 12 ndiyo siku. Tawi ambalo `ya_pili` yake ni 31 linaandika kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza, na linahitaji `'MM/DD/YYYY HH24:MI'` yake ndani ya `CASE faili WHEN ...`. Fanya vivyo hivyo kwa faili lenye tarehe za mtindo wa 2025-03-25.

Kisha tafuta tarehe za baadaye:

```sql
SELECT * FROM wanachama_safi WHERE imebadilishwa > now();
```

Karani aliyeandika 2052 badala ya 2025 ametengeneza mstari usioshindika. Utachaguliwa mwezi huu, na ukishaingia kwenye jedwali kuu utazuia kila sahihisho la mwanachama huyo kwa miaka mingi ijayo. Sahihisha sasa, kwenye `wanachama_ghafi`.

6. Tazama marudio kwa macho yako kabla ya kuyaondoa.

```sql
SELECT namba, count(*) AS mara,
       count(DISTINCT lower(jina)) AS majina,
       min(imebadilishwa), max(imebadilishwa)
FROM wanachama_safi
GROUP BY namba
HAVING count(*) > 1
ORDER BY majina DESC, mara DESC
LIMIT 50;
```

Safu ya `majina` ndiyo ya kusoma. Ikiwa ni 1, hakuna shaka, ni mtu mmoja. Ikiwa ni 2 au zaidi, fungua mistari yake: huenda ni Hamisi na Hamis, huenda ni mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa, au huenda ni watu wawili waliopewa namba moja kwa bahati mbaya. Hao wa mwisho ndio wa kumpigia simu karani. Mstari wa kwanza ukiwa na `namba` tupu na `mara` kubwa usishtuke, ni mkusanyiko wa wote wasio na namba. Waweke kando, tutarudi kwao.

7. Chagua mstari wa karibuni wa kila mtu.

```sql
CREATE TABLE wanachama_teule AS
SELECT DISTINCT ON (namba) *
FROM wanachama_safi
WHERE namba IS NOT NULL
ORDER BY namba, imebadilishwa DESC NULLS LAST, mstari DESC;
```

`DISTINCT ON` huchukua mstari wa kwanza wa kila namba, na `ORDER BY` ndiyo inayoamua wa kwanza ni upi. Maneno `NULLS LAST` yana kazi kubwa: PostgreSQL ikipanga kutoka kubwa kwenda ndogo huweka tupu juu, kwa hiyo ukiyasahau, mstari usio na tarehe utaushinda wenye tarehe ya jana. `mstari DESC` ni ya kuvunja sare pale tarehe zinapolingana kabisa. Bila hiyo, hifadhidata iko huru kuchagua wowote, na leo na kesho zinaweza kutofautiana.

Kwenye MySQL, SQLite au SQL Server hakuna `DISTINCT ON`. Tumia hii:

```sql
SELECT * FROM (
  SELECT s.*, row_number() OVER (
           PARTITION BY namba
           ORDER BY imebadilishwa DESC, mstari DESC) AS nafasi
  FROM wanachama_safi s
  WHERE namba IS NOT NULL
) t
WHERE nafasi = 1;
```

Humo tupu huhesabiwa kuwa ndogo kuliko zote, kwa hiyo zinaenda chini zenyewe.

*Tahadhari:* njia ambayo wanaoanza huibuni peke yao ni `GROUP BY namba` yenye `max()` kwenye kila safu. Inaendeshwa bila kosa na matokeo yake ni ya uongo. `max(simu)` ni simu yenye tarakimu kubwa, haina uhusiano na tarehe, na `max(jina)` ni jina la mwisho kialfabeti. Unapata mwanachama aliyeungwaungwa kutoka mistari mitatu, ambaye hajawahi kuwepo katika faili lolote.

Kuna swali moja ambalo hapa kila ofisi ina jibu lake: mstari wa karibuni una tawi jipya lakini simu haipo, na mstari wa zamani una simu. Uchukue upi? Mimi huchukua mstari mzima wa karibuni kama ulivyo, isipokuwa simu, ambayo naiacha ya zamani isimame kama mpya haipo. Hilo linafanyika hatua inayofuata kwa simu zilizomo kwenye jedwali kuu. Ukitaka simu itafutwe hadi kwenye mistari ya zamani ya mafaili yenyewe, PostgreSQL inaweza:

```sql
SELECT namba,
       (array_agg(simu ORDER BY imebadilishwa DESC NULLS LAST, mstari DESC)
          FILTER (WHERE simu IS NOT NULL))[1] AS simu
FROM wanachama_safi
WHERE namba IS NOT NULL
GROUP BY namba;
```

Lakini uliza kwanza kwa nini ni tupu. Mwanachama aliyeomba simu yake ifutwe hatafurahi kuanza kupokea meseji tena.

8. Peleka kwenye jedwali kuu.

Jedwali kuu lazima liwe na kizuizi cha upekee kwenye namba, yaani kanuni inayokataa namba moja kuingia mara mbili. Kama halina:

```sql
ALTER TABLE wanachama ADD CONSTRAINT wanachama_namba_pekee UNIQUE (namba);
```

Ikikataa ikisema haiwezi kutengeneza faharasa ya upekee, jedwali kuu lenyewe lina marudio. Ruka kwanza hadi sehemu ya "Marudio yakiwa tayari ndani", kisha urudi hapa.

```sql
BEGIN;

INSERT INTO wanachama AS w (namba, jina, simu, tawi, imebadilishwa)
SELECT namba, jina, simu, tawi, imebadilishwa
FROM wanachama_teule
ON CONFLICT (namba) DO UPDATE
SET jina = EXCLUDED.jina,
    simu = COALESCE(EXCLUDED.simu, w.simu),
    tawi = EXCLUDED.tawi,
    imebadilishwa = EXCLUDED.imebadilishwa
WHERE w.imebadilishwa IS NULL
   OR EXCLUDED.imebadilishwa > w.imebadilishwa;
```

`EXCLUDED` ni mstari unaotaka kuingia, `w` ni uliomo. `WHERE` ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko vyote katika mwongozo huu. Bila hiyo, faili la mwezi uliopita likipakiwa leo kwa makosa litafunika taarifa mpya zilizoandikwa makao makuu jana. Ukiwa nayo, faili la zamani halina madhara: linapita na kuacha mambo kama yalivyo.

Usiandike `COMMIT` bado, maana ndiyo inayoyafanya mabadiliko kuwa ya kudumu.

9. Hesabu, ndipo ufunge.

Ukiwa bado ndani ya `BEGIN`, linganisha:

```sql
SELECT count(*) FROM wanachama_ghafi;
SELECT count(*) FROM wanachama_safi WHERE namba IS NULL;
SELECT count(*) FROM wanachama_teule;
```

Ya kwanza inatakiwa ilingane na jumla uliyoandika pembeni hatua ya 3. Ukitoa kutoka humo wasio na namba na walioteuliwa, kinachobaki ni idadi ya mistari uliyoiacha. Idadi hiyo ikikushangaza kwa ukubwa, iamini hisia yako na uandike `ROLLBACK`, inayotengua yote uliyofanya tangu `BEGIN`. Mistari iliyoachwa unaipata hivi:

```sql
SELECT s.* FROM wanachama_safi s
LEFT JOIN wanachama_teule t ON t.mstari = s.mstari
WHERE t.mstari IS NULL AND s.namba IS NOT NULL
ORDER BY s.namba;
```

Okota namba kadhaa, mtazame mwanachama mmojammoja katika jedwali kuu, hakikisha taarifa zake ndizo za karibuni. Ikiridhisha, `COMMIT`. Wasio na namba wapelekee matawi yao kama orodha ya kukamilisha. Kuwabunia namba ili kazi iishe ni kujipikia marudio ya mwezi ujao.

Marudio yakiwa tayari ndani ya jedwali kuu

Hapa unafuta kweli, kwa hiyo hakikisha bekapu ipo na inafunguka. Hatari si jedwali la `wanachama`, ni majedwali yanayolitegemea. Michango ya mtu mmoja inaweza kuwa nusu imeandikwa kwa `id` ya mstari wa zamani na nusu kwa ya mpya. Kama uhusiano uliwekwa kwa `ON DELETE CASCADE`, kumfuta wa zamani kunafuta na michango yake bila kukuuliza. Ihamishe kwanza, kisha ufute, yote ndani ya `BEGIN` moja:

```sql
BEGIN;

UPDATE michango m
SET mwanachama_id = b.anayebaki
FROM (
  SELECT id, first_value(id) OVER (
           PARTITION BY namba
           ORDER BY imebadilishwa DESC NULLS LAST, id DESC) AS anayebaki
  FROM wanachama
  WHERE namba IS NOT NULL
) b
WHERE m.mwanachama_id = b.id AND b.id <> b.anayebaki;

DELETE FROM wanachama a
USING (
  SELECT id, row_number() OVER (
           PARTITION BY namba
           ORDER BY imebadilishwa DESC NULLS LAST, id DESC) AS nafasi
  FROM wanachama
  WHERE namba IS NOT NULL
) b
WHERE a.id = b.id AND b.nafasi > 1;
```

Rudia ile `UPDATE` kwa mikopo, wadhamini na kila jedwali jingine lenye `mwanachama_id`. Jumla ya fedha za michango kabla na baada lazima ibaki ileile hadi senti, ndipo `COMMIT`. Na usiondoe `WHERE namba IS NOT NULL`: `PARTITION BY` huwaweka wote wasio na namba kundi moja, na amri ingemwacha mmoja wao na kuwafuta wengine wote.

Kama una Excel tu

Inawezekana, ilimradi orodha haizidi mistari 1,048,576 ya karatasi moja. Leta CSV kupitia menyu ya Data, chagua From Text/CSV, na ubadilishe aina ya safu za simu na namba kuwa maandishi kabla ya kupakia. Tengeneza nakala ya karatasi. Panga jedwali zima kwa tarehe, mpya juu. Kisha Data, Remove Duplicates, ondoa tiki zote na uweke kwenye namba ya uanachama peke yake. Excel hubakiza mstari wa juu na kufuta wa chini, ndiyo maana kupanga kunatangulia.

Ukiacha tiki kwenye safu zote, itaondoa tu mistari inayofanana neno kwa neno, na wale wenye simu tofauti watabaki. Na kama tarehe zimekaa upande wa kushoto wa seli bila wewe kuzipanga hivyo, hizo ni maandishi. Zitapangwa kialfabeti, na 31/01/2020 itakaa juu ya 02/05/2025.

Wanaotumia Power Query wajue kwamba mpangilio uliouweka hauna uhakika wa kuheshimiwa na hatua ya kuondoa marudio inayofuata. Funika hatua ya kupanga kwa `Table.Buffer`.

Matatizo yanayojitokeza

*`ON CONFLICT DO UPDATE command cannot affect row a second time`.* Data unayoiingiza bado ina namba moja mara mbili. Umechukua kutoka `wanachama_safi` badala ya `wanachama_teule`.

*`there is no unique or exclusion constraint matching the ON CONFLICT specification`.* Kizuizi cha upekee hakipo, au kipo kwenye safu mbili na wewe umetaja moja.

*`SELECT DISTINCT ON expressions must match initial ORDER BY expressions`.* Umeanza `ORDER BY` na tarehe. Namba itangulie.

*`missing data for column "jina"`.* Faili linatumia nuktamkato. Ongeza `DELIMITER ';'` ndani ya mabano ya `WITH`.

*`extra data after last expected column`.* Kuna mkato ndani ya jina au anwani isiyofungwa kwa alama za nukuu. Ujumbe hutaja namba ya mstari, usahihishe kwa kihariri.

*`invalid byte sequence for encoding "UTF8"`.* Faili limehifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Jaribu `ENCODING 'WIN1252'`.

*`date/time field value out of range`.* Siku na mwezi vimebadilishana kwenye faili mojawapo. Rudi kwenye swali la `split_part`.

*Hakuna kosa, lakini mtu bado yumo mara mbili.* Linganisha namba zake herufi kwa herufi. Mara nyingi ni herufi O mahali pa sifuri, au AR0123 dhidi ya AR123 iliyopoteza sifuri kwenye Excel.

*Mistari yote ina tarehe moja.* Tawi lilihamisha mfumo, na mfumo mpya ukaandika siku ya kuhama kwa kila mtu. Tarehe hiyo haiwezi kuamua chochote. Omba nakala kutoka mfumo wa zamani, au kubalianeni tawi lipi liaminiwe na uliweke mbele kwenye `ORDER BY`: `(tawi = 'Moshi') DESC` baada ya `namba`.

Kwa mwezi ujao

Hifadhi amri zote kwenye faili moja la `.sql`. Ukianza upya:

```sql
DROP TABLE wanachama_teule;
TRUNCATE wanachama_ghafi RESTART IDENTITY;
```

Mwonekano wa `wanachama_safi` uache, utajisomea data mpya. Mafaili ya matawi yaliyobaki kwenye Downloads na kwenye flashi yana majina na simu za watu, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinayahusu hayo sawasawa na hifadhidata yenyewe. Bakiza nakala moja mahali palipofungwa, nyingine futa.